Simu ya Chumba cha Pasi

Nilimkatia simu mwanamke aliyekuwa anakosa pumzi. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakilizungushia maneno. Alinipigia mimi, nikapokea mimi, nikamwambia aweke simu chini, nikakata. Hasira niliyonayo hadi leo, nusu ni kwa mwenye jengo na nusu ni kwangu mwenyewe, na kuna siku siwezi kusema ipi ni ipi.

Nilikuwa mtu wa mapokezi kwenye jengo la ghorofa nne hapa Tunduma, kwenye barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni ya kwenda mpakani. Chini kulikuwa na maduka. Ghorofa ya kwanza na ya pili zilikuwa ofisi za mawakala wa forodha, ya tatu vyumba vya wageni, na ya nne ilikuwa ya kufulia: masinki, kamba za kuanikia, na chumba kimoja cha pasi chenye dirisha linalotazama Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mimi nina kidato cha nne. Kiingereza changu kinatosha kumwelekeza dereva wa Lusaka chumba chake, "muli shani" yao ya kusalimia naijua, sauti yangu inasikika. Kazi nikapewa.

Aliyekuwa anafua na kupiga pasi huko juu alikuwa mama mtu mzima, mjane wa Iyula, aliyeacha shamba la kahawa kwa wanawe akaja mjini kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alichoka kusubiri mvua ziamue. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyiha ndani yake, kikipanda na kushuka, na alipokuwa anakutania hukujua kama anatania mpaka ukae kimya ufikirie. Siku yangu ya tatu kazini alinikuta kwenye ngazi, mtoto mgongoni, mlinzi ananiambia mapokezi si kliniki. Mwanangu alikuwa hajafikisha miaka miwili. Baba yake yuko upande wa pili wa mpaka, na huko akae. Mama yangu yuko Isongole, hawezi kuacha biashara yake ya mchele. Yule mama alimtazama mlinzi, akanitazama mimi, akasema, "Mlete juu. Shuka hazina neno naye." Akamfungua mgongoni mwangu yeye mwenyewe.

Kuanzia hapo mwanangu alikulia chumba cha pasi. Akamwita Bibi. Nami nikamwita Mama, maana ndivyo unavyomwita mtu anayekuoshea mtoto bila kuombwa.

Sasa niseme habari za simu, maana bila hizo hamtaelewa.

Kila ofisi na kila chumba kilikuwa na simu ya waya, na zote ziliingia kwenye mashine moja iliyokuwa chini ya meza yangu. Ukitaka chumba kingine unabonyeza tarakimu mbili. Ukitaka mapokezi, sifuri. Ukitaka kutoka nje ya jengo, unabonyeza tisa, unasubiri mlio, halafu namba. Mwanzoni ilikuwa hivyo tu. Lakini makarani wa mawakala walikuwa na shangazi na mashemeji Nakonde, na kila mchana laini zilijaa salamu, hata mteja akipiga kutoka Dar es Salaam anakuta hazipatikani. Mwenye jengo akachukia. Akaagiza fundi kutoka Mbeya aje afunge: baada ya tisa iwekwe namba ya siri, kila ofisi na yake, na vyumba vya wafanyakazi visiwe na yoyote. Karatasi ya hizo namba nikae nayo mimi.

Fundi alikuja siku ambayo mwanangu alikuwa na homa huko juu. Alikuwa mtu wa taratibu, wa kueleza kila waya. Mimi nilitaka amalize nipande nikamwone mtoto. Karibu na mwisho akasimama akaniuliza kama zile namba za dharura aziache wazi, yaani mtu abonyeze 112 kutoka simu yoyote ya jengo na iende moja kwa moja, bila tisa, bila siri. Akasema pia anaweza kuweka meza yangu ilie wakati huohuo, na kioo kionyeshe ni chumba gani kimepiga, ili nijue pa kukimbilia.

Nikamwambia bosi kasema zifungwe zote.

"Hizi si za kuongelea na shemeji, dada."

"Kaka, zote maana yake zote."

Akanyanyua mabega, akafunga zote. Nakumbuka nilifurahia jibu langu. Nilijiona mtu wa msimamo. Sikuulizwa tena na mtu yeyote, na mwenye jengo hakuwahi kujua kwamba swali liliulizwa. Lilikuwa swali la kujibiwa na mtu mwenye jengo lake, nikalijibu mimi kwa sababu nilikuwa na haraka.

Jambo la pili ni simu za mkononi. Shuka la mgeni liliwahi kuungua, mfanyakazi wa kabla ya Mama alikuwa anaongea na simu huku pasi imelala. Mwenye jengo akatoa amri: wafanyakazi wa juu, simu zenu zibaki kwenye droo ya mapokezi mpaka saa ya kutoka. Kwa hiyo kila asubuhi mimi nilimkabidhi Mama mtoto kwa busu, na yeye akaniachia kasimu kake kadogo ka vitufe, nikakaweka kwenye droo yangu. Tulifanya hivyo kila siku. Hatukuona ubaya wake.

Na jambo la tatu lilikuwa letu wawili. Mimi mchana nilikuwa na wateja mbele na simu sikioni, sikuweza kuongea habari za mtoto kila saa. Tukawekeana mtindo. Simu ya chumba cha pasi ikilia mara moja ikakatika, maana yake mtoto amelala, kaa na kazi yako. Ikilia mfululizo, pokea, kuna neno. Mwanangu naye alishajifunza kupanda kiti na kubonyeza sifuri. Alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anapumua tu, anahema kwenye simu akisikiliza sauti ya mama yake, halafu Mama anamnyang'anya nikamsikia akimwambia, "Unampigia waziri?" Ilikuwa karibu kila siku. Makarani wakawa wanapita mapokezi wananiuliza kama waziri ameshapiga.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo, ule wa kiangazi unaobeba vumbi la malori mpaka ndani ya chai. Mpakani kulikuwa kumekwama, madereva wamelala kwetu siku ya nne, shuka zilikuwa mlima. Mama alifika anakohoa. Alikuwa na pumu, kila mtu alijua, alikuwa na ile dawa ya kuvuta mdomoni anatembea nayo kwenye sidiria. Akasema imemwishia tangu jana, atapitia duka la dawa jioni.

Nilitaka kumwambia aende sasa hivi. Hilo nalikumbuka kabisa, lilifika mdomoni. Lakini mteja alikuwa amesimama na funguo mkononi, nikasema, "Haya, Mama." Nikapokea simu yake, nikaiweka kwenye droo.

Saa nne na kitu simu ya chumba cha pasi ikalia. Ikalia mfululizo. Nikapokea. Hakuna neno. Ni pumzi tu, fupifupi, na kama kamluzi kadogo ndani yake. Mbele yangu karani mmoja alikuwa anasubiri bahasha, akanikonyeza, "Waziri?" Nikacheka. Nikasema kwenye simu, "Weka simu chini, mpenzi, mama yuko kazini." Nikakata.

Haikupita dakika ikalia tena. Mara moja. Ikakatika.

Nikasema moyoni, afadhali, amelala.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyenizuia. Nilipata habari mbili kutoka chumba kile, zote nikazisoma kwa mtindo tuliouweka sisi wenyewe kwa upendo, na zote mbili zikaniambia kaa na kazi yako. Nikakaa na kazi yangu. Nilimpa yule karani bahasha. Nikaandikisha mgeni. Nikanywa chai.

Nilipanda saa sita kasoro na uji wa mtoto. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Pasi ilikuwa imesimamishwa wima pembeni ya meza, swichi imezimwa. Hata katika hali ile alikumbuka kuzima, kwa sababu mtoto yumo. Yeye alikuwa chini, amejiegemeza ukutani chini ya simu, na mwanangu amekaa karibu naye, kimya. Mtoto alikuwa amevuta shuka moja iliyokwisha kupigwa pasi akamfunika miguu. Akaweka kidole mdomoni mwake. "Bibi kalala."

Nilimshika mkono. Ulikuwa na joto bado, au nilitaka uwe nalo. Niliivuta simu na kubonyeza 112. Mimi, mtunza karatasi ya namba za siri za jengo zima. Sikukumbuka tisa, sikukumbuka siri, sikukumbuka kwamba chumba kile hakina siri kabisa. Nilibonyeza tarakimu tatu ambazo kila mtu anafundishwa, na mashine ikanijibu tuu, tuu, tuu. Nikabonyeza tena. Tuu, tuu, tuu. Simu yangu ya mkononi ilikuwa chini, mezani. Nikamwacha mtoto na yule mama sakafuni, nikashuka ngazi zote napiga kelele.

Makarani walimbeba kwenye blanketi. Bajaji ilipita katikati ya malori, nikiwa nimemshika kichwa. Hospitalini walitupokea vizuri, sina neno nao. Nesi alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena, akaniuliza alianza lini kubanwa. Ile pumzi ya saa nne ilikuwa bado sikioni mwangu, nikasema sijui. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Jioni ile nilirudi mapokezi kwa sababu mtoto alikuwa amebaki na mlinzi. Mashine ya simu ina sehemu ya kuonyesha simu zilizopigwa na zilizokataliwa. Sikuwa nimewahi kuitazama. Nikaitazama. Chumba cha pasi: 112, imekataliwa. 112, imekataliwa. 112, imekataliwa. Halafu sifuri. Halafu sifuri. Chini yake zilifuata zangu mbili za saa sita. Kwa hiyo kabla hajanitafuta mimi alikuwa ameshajaribu mara tatu kufanya kile kilicho sahihi. Nikazima kioo, sikumwambia mtu.

Tulikwenda kuzika Iyula kwa kosta ya kukodi. Mwenye jengo alikuja, alitoa rambirambi, akapewa nafasi ya kusema neno. Akasema marehemu alichukuliwa ghafla, hakuteseka, hakupata hata muda wa kuita. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, nimeshika mwiko, naona kupitia uwazi wa mabanzi ya ukuta. Ningeweza kutoka. Hakuna aliyenishika nguo. Niligeuza ugali.

Baada ya wiki kadhaa binti yake alikuja Tunduma kuchukua vitu vya mama yake. Ni mtu wa umri wangu au zaidi kidogo, ameolewa Ihanda, analima, mikono yake mikavu kama ya mama yake. Nilimpa kitenge, kandambili, chupa ya chai. Halafu nikafungua droo nikampa ile simu ndogo.

Akaishika. Hakuiweka kwenye mfuko. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa nini simu ya mama unayo wewe?"

Nikamweleza ile amri ya mwenye jengo. Akasikiliza. Akasema, kwa hiyo siku ile alikuwa huko juu bila simu. Nikasema simu ilikuwepo, ya ukutani. Akasema, basi kwa nini hakuita? Nilimwona anavyoniangalia, na nikajua kwamba nikimjibu alivyosema bosi wangu pale kaburini, litakuwa limeisha, ataondoka nalo Ihanda, na mimi nitabaki na mshahara wangu na kiti changu.

"Aliita," nikasema. "Aliita mara tano."

Nikamweleza zote. Tatu zilizokataliwa, na mbili zilizonifikia. Nikamweleza na fundi alichoniuliza na nilichomjibu. Sikulia, maana ningelia angelazimika kunibembeleza, na hilo nisingemfanyia. Wateja wawili wakaja wakahudumiwa wakaondoka. Kisha akasema anataka kupanda.

Chumba cha pasi kilikuwa na mfanyakazi mpya, akatupisha. Yule dada akaisogelea simu ya ukutani. Akaniambia nibonyeze kama mama yake alivyobonyeza. Nikabonyeza, nikampa mkono wa simu. Akasikiliza ile tuu, tuu, tuu mpaka ikakatika yenyewe. Akanirudishia nibonyeze tena. Mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Hii ndiyo ilikuwa inamjibu," kama mtu anayejiandikia.

Bado ilikuwa imefungwa. Wiki zote hizo. Mtu amekufa chini yake, na mimi nilikuwa chini mapokezi naogopa kutaja neno simu kwa mwenye jengo, nisije nikaulizwa ninajuaje.

Tukashuka ofisini kwa mwenye jengo. Alimkaribisha vizuri, akamwagizia soda, akampa pole tena, akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakufunga simu, baba," yule dada akasema. Akakaa. Soda hakuigusa.

Mwenye jengo akanigeukia, akaniuliza nimekwenda kumwambia nini mgeni. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya fundi, kwamba ni mimi nilisema zifungwe zote. Akasema kwa hiyo kosa ni langu. Nikasema ndiyo, na amri ni yake, na kama anataka tugawane tutagawana, lakini simu ifunguliwe leo. Akasema fundi yuko Mbeya, atapangiwa siku. Yule dada akasema hana haraka, basi la mwisho likimwacha atalala hapohapo kwenye kiti. Hakupandisha sauti. Nimekuwa mtu wa kupayuka maisha yangu yote, na sijawahi kumfanya mtu anyanyue simu haraka kama alivyofanya yeye kwa kukaa tu.

Fundi hakuhitaji kuja. Alinielekeza kwa simu, mimi nimepiga magoti chini ya meza yangu, nabonyeza anavyosema, nasoma ninachokiona. Ingia huku, chagua hiki, weka ndiyo. Meza ilie: ndiyo. Kionyeshwe chumba: ndiyo. Nilipouliza kimebaki nini akasema hakuna kilichobaki, tayari. Chai niliyokuwa nimemmiminia yule dada ilikuwa bado inatoa mvuke. Nilikaa palepale sakafuni. Nilidhani labda ni kazi kubwa. Wiki zote hizo, kichwani mwangu, nilikuwa nimeifanya kuwa kazi kubwa, ili niweze kuvumilia.

Fundi alituambia tujaribu mara moja, tuombe radhi, tusizoee. Nikapanda nikabonyeza 112 kutoka chumba cha pasi. Mwanaume akapokea, akauliza shida ni nini na tuko wapi. Nikamwambia ni majaribio, samahani, hakuna shida. Neno lile "hakuna shida" ikabidi niliseme mara mbili. Akanishukuru, akasema mtu akipiga kweli asisahau kutaja jengo na ghorofa, maana wao wanachokiona ni namba moja tu ya jengo zima. Tangu siku hiyo kila simu ya pale ina karatasi ubavuni yenye jina la mtaa, jengo, ghorofa na chumba. Niliziandika kwa mkono wangu. Na droo ya simu za watu niliifungua, nikazirudisha kwa wenyewe, na mwenye jengo alipouliza nikamwambia anifukuze. Hakunifukuza. Niliacha mwenyewe baadaye, kwa sababu simu ya ndani ikilia mara moja nilikuwa naacha kila kitu nakimbilia ghorofa ya nne.

Yule dada alichelewa kidogo tu, akalipata basi. Nilimsindikiza, mwanangu nimemshika mkono. Msamaha nilikuwa nimeuandaa tangu Iyula, maneno yote yamepangwa, na pale karibu na basi nikayaona madogo, nikayaacha.

Akaniuliza jambo moja. "Ulipomwambia aweke simu chini, ulimfokea?"

"Hapana. Nilikuwa nacheka. Nilimwambia, mpenzi. Nilidhani ni huyu."

Akamtazama mwanangu.

"Basi alijua hukujua ni yeye," akasema. Akapanda basi na ule mfuko wa vitu vya mama yake, akakaa upande wa pili, upande ambao sikuweza kumwona.